Visiwa vidogo vya Mafia kwa boti: potwe, kasa, popo na ndege. Maelekezo yanahitajika

BaraPwani aliandika:
Wakuu, salaam. Tuko watu sita, tunataka siku tano za kuzungukia visiwa vya Mafia: Kilindoni, Chole, Juani, Jibondo na mafungu ya mchanga ya jirani. Shabaha ni wanyama. Boti ni ya faiba, mita 7, mashine ya nje ya nguvu za farasi 40, inakuja na nahodha wake. Naomba wanaoijua bahari ile watuelekeze: mwezi gani, tuanzie wapi, mafuta kiasi gani, na namna ya kuwakaribia wanyama bila kuwadhuru. Majibu marefu yanaruhusiwa.

MajiMafu aliandika:
Mkuu, karibu. Wageni wengi huanza na mnyama, kisha wanatafuta tarehe. Anza na maji. Ukishajua maji yanajaa saa ngapi, orodha ya wanyama inajipanga yenyewe.

Kwanza pepo. Kusi hukaza Juni mpaka Septemba, na upande wa mashariki wa Juani huwa na mawimbi makubwa. Kaskazi inashika Desemba mpaka Machi. Katikati yake, Oktoba na Novemba, kuna matlai, na hapo bahari hulala. Masika ya Machi hadi Mei yaache. Kwa msafara wa mara ya kwanza mimi nasema mwisho wa Oktoba au Novemba: potwe, yule papa mkubwa mwenye madoa, wameanza kuonekana Kilindoni, ndege wahamiaji wamefika, na nyangumi wa mwisho wanaweza kuwa bado wanapita nje wakirudi kusini. Kasa wanaoanguliwa mtawakosa, kwa sababu kilele chao ni Juni hadi Septemba. Huwezi kupata vyote kwa safari moja, na anayekuahidi vyote hakuambii kweli.

Sasa maji. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu ni bamvua, yaani maji hupanda na kukupwa sana: maji yanajaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, yanakupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yaani tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na saa zinageuka: yanajaa karibu saa 4, yanakupwa karibu saa 10. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, na siku za maji mafu yanachelewa zaidi. Wazee hawahitaji jedwali. Wanahesabu tarehe za mwezi wa Kiislamu: mosi na 15 ni bamvua, 8 na 22 ni maji mafu, ongeza siku moja au mbili kwa sababu bahari huchelewa kidogo nyuma ya mwezi. Nyie chukueni jedwali, na hesabu ya wazee iwe ya kuhakikishia.

Kwa nini nasisitiza? Ufuko wa Kilindoni ni tambarare. Bamvua ikikupwa asubuhi, boti zinalala kwenye mchanga mbali na maji, na potwe wanatafutwa asubuhi kabla upepo haujaamka. Ukija siku ya bamvua, saa 2 asubuhi unasukuma boti kwenye matope badala ya kuwa baharini. Kwa hiyo anzeni siku moja baada ya mwezi nusu. Siku ya kwanza na ya pili ziwe za potwe, maji yakiwa juu asubuhi. Siku ya tatu hamieni Ghuba ya Chole. Siku ya nne na ya tano maji yanaelekea bamvua, yanajaa alasiri, na hapo ndipo ndege wanasongamana kwenye mafungu. Mpango huo huo, ukiuanzia bamvua, unaharibika kila siku.

Jambo la mwisho kuhusu maji: hayapandi kwa mwendo mmoja. Chukua bamvua yenye tofauti ya mita 3 kati ya kupwa na kujaa. Saa ya kwanza yanapanda sentimita 25, ya pili 50, ya tatu 75, ya nne 75, ya tano 50, ya sita 25. Saa ya tatu na ya nne mkondo ni mkali kuliko wakati wote, na ndizo saa za kutokuwa kwenye mlango, yaani njia nyembamba ya maji ya kutokea ghubani. Ukikwama kwenye fungu saa ya kwanza ya kupwa, ruka majini mara moja, wote, sukumeni. Ukingoja dakika 20 mkijadiliana, boti itakaa hapo mpaka maji yarudi.

FundiMashine aliandika:
Nimeona hakuna aliyegusa mafuta. Mashine ya 40 ya mipigo miwili, boti ya mita 7 ikiwa na watu 7 na mizigo, kwa mwendo wa kawaida weka lita 15 kwa saa. Ukifungua mpaka mwisho inapita hapo, tena bila faida, kwa sababu boti nzito hainyanyuki vya kutosha. Hesabu kwa theluthi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja haiguswi. Mfano: saa 3 kwenda na saa 3 kurudi ni lita 90. Hizo ni theluthi mbili tu, kwa hiyo bebeni lita 135. Oili kwa mchanganyiko wa 1 kwa 50 ni lita 2 na mililita 700. Changanyeni nchi kavu, kwenye dumu, mtikise. Msimimine oili kwenye tangi boti ikiwa inayumba.

Kinacholaza boti nyingi kule ni maji kwenye petroli, siyo mashine mbovu. Chota petroli kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, iache dakika 10. Maji yanazama na kufanya mstari chini, utauona kwa macho. Ukiuona, dumu hilo lirudi. Mimina kupitia faneli yenye chujio, na usimalize kile kidogo cha mwisho kilichobaki dumuni.

Pili, kijitundu kinachorusha maji nyuma ya mashine. Nahodha akiwasha, tazama hapo kwanza. Maji yakitoka kama uzi dhaifu au yakikatika, zima. Mara nyingi ni mchanga ulioingia mkipita maji mafupi: chokoa kijitundu kwa waya mwembamba au kipande cha mshipi mnene wa kuvulia. Kikiendelea kukauka, impela (kipangaboi cha pampu ya maji ya kupozea) imekwisha, na mashine itapikika ndani ya dakika chache. Kwa hiyo penye maji chini ya mita moja inueni mashine mtumie pondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti. Hiyo pia inaokoa majani ya bahari, maana propela inakata mstari mweupe ambao unakaa miaka.

Tatu, propela. Mashine ndogo zina pini inayokatika ikigonga mwamba, unabadilisha baharini. Za ukubwa wenu nyingi zina mpira ndani ya propela: ukigonga, mpira unateleza, mashine inalia kwa nguvu lakini boti haiendi. Hapo punguza mpaka kasi ya chini kabisa, na mara nyingi itakufikisha. Bebeni plagi mbili za akiba na ufunguo wake, kamba ya kuvutia, kisu cha kukata nyavu kwenye propela, nanga yenye kamba isiyopungua mita 40, pondo, makafi mawili, upo wa kufulia maji, tochi, redio ya VHF ya mkono (chaneli 16) na jaketi za kuokolea kwa kila kichwa, zivaliwe, zisifungwe chini ya mizigo. Kamba ya kuzimia mashine iwe mkononi mwa nahodha. Akidondoka bila hiyo, boti inazunguka na kumrudia.

BaraPwani aliandika:
Ahsanteni sana. Mpango tunauhamishia kwenye mwezi nusu. Tuelezeni sasa potwe: tunawaonaje, na tunaingiaje majini? Na ni kweli wanahama ikifika Aprili?

Mdomo_wa_Rufiji aliandika:
Hilo la kuhama lilisemwa miaka mingi, na wengi bado wanaliandika. Utafiti wa Mafia uliochapishwa 2015 ulitumia vifaa vidogo vya kutoa mlio vilivyobandikwa kwa potwe na vinasa vilivyowekwa chini ya bahari. Vilionyesha kwamba wengi wao hawaondoki. Kati ya Oktoba na Machi wanakuwa karibu na pwani, juu juu, wakila vijidudu vidogo jamii ya uduvi. Miezi mingine wanasogea nje kidogo na kwenda chini zaidi, macho yetu hayawafikii. Kwa hiyo bahari ya Mafia ni kwao mwaka mzima, na wengi wa wanaoonekana ni madume ambayo hayajakomaa.

Namna ya kuwatafuta: mwendo wa polepole, mtu mmoja asimame omo (mbele ya boti), amevaa miwani ya jua ya kukata mng'ao. Tafuta shakwe wanaodona juu ya maji, na dagaa wanaorukaruka. Kisha kivuli kirefu cha kijivu chenye ncha mbili zinazokata maji, pezi la mgongo na ncha ya mkia, zinazofuatana umbali ule ule. Papa wa kawaida hatembei taratibu hivyo.

Mkimwona, boti isimkimbilie wala isimkate mbele. Nahodha apite pembeni kwa mbali, asimame mbele ya njia yake na kando, mita 30 au zaidi, aweke mashine bure, propela isizunguke. Watu wakae ukingoni, miguu nje, barakoa usoni, waingie kwa kuteleza. Mtu mmoja akiruka kwa kishindo, potwe anazama, na mmempoteza kwa wote. Ndani ya maji kaa ubavuni: mita 3 kutoka mwilini, mita 4 kutoka mkiani. Usimguse, usimzuie mbele, usipige picha kwa taa ya mwanga. Watu sita wanatosha kabisa. Kama kuna boti nyingine juu ya potwe huyo huyo, subirini zamu.

Mtakutana na jambo moja la kupendeza: potwe anayekula akiwa wima. Mkia chini, mdomo juu usawa wa maji, anafungua na kufunga, na maji yanaingia kwa mvumo kama yanamwagwa kwenye pipa. Midomo inaweza kuwa mipana kuliko mkono wako ulionyooshwa. Hapo msisogee hata kidogo. Tulieni palepale mlipo, maana akishtuka anaacha kula.

Mkitaka picha zenu zisaidie, pigeni ubavu wa kushoto, eneo la nyuma ya matamvua, juu ya pezi la kifuani. Madoa ya hapo ni kama alama za vidole, na watafiti wanamtambua kila mmoja kwa hayo. Andikeni tarehe, saa na mahali.

Kwezi_Ndogo aliandika:
Naomba kuongeza kuhusu zamu. Nahodha hujua sheria, lakini mteja akipiga kelele "msogelee, msogelee", anasogea kwa kuogopa kukosa bakshishi. Mwambieni usiku wa kuamkia safari kwamba mnalipa saa zake, hamlipii ukaribu. Maneno hayo machache yanabadilisha siku nzima.

LindoLaKasa aliandika:
Kwa watakaosoma uzi huu wakitaka kwenda Juni hadi Septemba, haya ni ya kasa. Kwenye fukwe za mashariki za Juani wanaotaga zaidi ni kasa wa kawaida, ng'amba kwa uchache. Shirika la Sea Sense limekuwa likifanya kazi na walinzi wa vijijini kuhesabu na kulinda viota hivyo. Kiota cha kasa kina mayai 100 na ushei, sentimita 60 hivi chini ya mchanga, na yanakaa siku 55 hadi 60. Mlinzi anajua tarehe ya kutagwa, kwa hiyo anajua karibu siku ya kuanguliwa. Usiende ufukweni kubahatisha. Uliza tarehe kwanza, lipa mchango wa kijiji, uende na mlinzi.

Kutoka Utende, kijiji cha kisiwa kikuu kwenye Ghuba ya Chole, boti inakushusha upande wa ndani wa Juani, kisha unatembea kwa miguu kuvuka kisiwa. Njia ni ya mawe ya matumbawe yenye makali. Vaeni viatu vya soli ngumu, ndala zinakatika. Bebeni lita moja na nusu ya maji kila mtu.

Ufukweni: tembeeni kwenye mchanga wa chini uliolowa, siyo juu kwenye viota. Mchanga ukianza kubonyea kama kisosi, wako karibu kutoka. Kinachotokea kwanza ni pua moja, kisha hakuna kitu kwa dakika kadhaa, kisha wote kwa pamoja, kama uji unaochemka. Kila mmoja ana urefu wa sentimita 5 tu, na unyayo wa mtu kwake ni shimo. Kabla hawajatoka, mlinzi atasawazisha njia mpaka majini. Simameni pande mbili, nyuma ya mstari wake. Msiwabebe kuwapeleka baharini, watembee wenyewe. Usiku tumieni tochi nyekundu tu, na simu zizimwe kabisa, kwa sababu watoto wa kasa wanafuata mwanga. Wakielekea nchi kavu wanakufa kwa jua au wanaliwa na kaa.

Na hili naliandika kwa uchungu: msile nyama ya kasa popote mtakapokaribishwa. Zaidi ya kuwa ni kosa kisheria, nyama yake mara nyingine ina sumu ambayo kupika hakuiondoi. Machi 2024, Kisiwa Panza kule Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki, na makumi wengine walilazwa.

Buabua aliandika:
Ndege sasa. Kama mnafika Ghuba ya Chole bamvua ikikaribia, mtaona kitu ambacho wengi wanakipita bila kukitazama. Kuna ndege wa ufukweni, kwa Kiingereza crab-plover, mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mweusi mnene kama koleo. Anakula kaa, na mdomo huo ni wa kuvunjia magamba. Huja kwetu karibu Agosti na kuondoka Aprili. Kwao pa kuzalia ni fukwe za Bahari ya Arabuni, Oman na Ghuba, na huko anachimba shimo mchangani na kutaga yai jeupe ndani. Ndege wengine wengi wa ufukweni hutaga juu ya ardhi wazi.

Maji yakiwa yamekupwa wametawanyika kila upande, huwezi kuwahesabu. Bamvua ikijaa, mafungu yanabaki vipande vidogo, na wanasongamana hapo pamoja na buabua, vitwitwi na korongo. Fikeni saa moja kabla ya maji kujaa, tieni nanga mita 100 kutoka fungu, jua likiwa nyuma yenu, mkae kimya. Wote wakiinua vichwa kwa pamoja, mmekaribia mno, legezeni kamba ya nanga mrudi nyuma. Kuwarusha kwa ajili ya picha ni kuwanyima pumziko la pekee walilo nalo mpaka maji yatoke. Siku za maji mafu msijisumbue, mafungu yanabaki makubwa na hawasongamani.

Popo wa Chole: hawa ni popo wakubwa wanaokula matunda, jamii ya wale wa Komoro, mabawa yanafika karibu mita moja. Mchana wananing'inia kwenye miti mikubwa kisiwani. Fikeni saa 11 jioni, mlipe kijijini, mkae pembeni ya mti, siyo chini yake. Jua likikaribia kuzama wanatoka. Asipige makofi mtu yeyote ili warukeruke. Majike yenye watoto kifuani yanaweza kuwaangusha.

MajiMafu aliandika:
Narudi kwa sababu ya Mlango wa Kinasi, ambao ndio njia ya kutoka Ghuba ya Chole kwenda bahari kuu. Ghuba nzima inajaa na kumwagika kupitia milango michache, kwa hiyo mkondo pale ni mto. Ingieni maji yakipanda. Kutoka, tokeni mwisho wa kujaa, maji yakisimama. Maji yakitoka kwa nguvu huku upepo na mawimbi vinaingia, mawimbi yanasimama wima na kuvunjika, na boti ya mita 7 inachukua maji kwa omo. Hapo usigeuke ubavu. Nenda taratibu omo ikikabili mawimbi kwa mshazari mdogo mpaka utoke kwenye mlango.

Jibondo hakuna maji baridi ya kutegemea. Wenyeji wenyewe huyaleta kwa vyombo. Bebeni lita 4 za kunywa kwa mtu kwa siku, na siku mbili za akiba: watu 7 kwa siku tano na hizo mbili ni lita 196. Msiombe maji kijijini. Lakini kaeni hapo angalau asubuhi moja, kwa sababu mafundi wa majahazi wa Jibondo wanasifika mwambao wote. Mtaona jinsi pamba ya kalafati inavyogongwa kwenye maungio ya mbao.

Vibali: Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa 1995, ya kwanza nchini, kilomita za mraba 822. Ada inalipwa kwa namba ya malipo, risiti mnabeba, iwekeni kwenye mfuko usioingia maji. Visiwa vya Nyororo, Shungimbili na Mbarakuni ni maeneo tengefu tangu 2007, msishuke bila ruhusa. Droni ina kibali chake cha mamlaka ya anga, na kwenye ndege wanaozaa au popo msiirushe hata mkiwa nacho.

Mdomo_wa_Rufiji aliandika:
Mkivuka kutoka Nyamisati, bandari ya upande wa bara, mnapita karibu na delta ya Rufiji, mikoko mingi kuliko popote mwambao huu wa Afrika Mashariki. Kati ya delta na Mafia ndiko nguva wa mwisho wa Tanzania wanakosemekana kubaki. Mwishoni mwa 2022 nguva wa Afrika Mashariki waliwekwa kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Wanakufa zaidi kwenye majarife, kwa sababu anahitaji kupanda kupumua, na wavu unamshikilia chini.

Tofauti yake na pomboo: nguva hana pezi la mgongoni. Pua inatokea tu, mgongo wa kahawia unateleza, kisha mkia mpana kama wa nyangumi. Mkimwona, zima mashine, andika saa, mahali kwa GPS ya simu, idadi na kama kuna mtoto. Pelekeni taarifa ofisi ya hifadhi Utende siku hiyo hiyo. Msiweke mahali kamili mtandaoni.

BaraPwani aliandika:
Nimechapa uzi wote. Swali la mwisho: mtu akichomwa na taa (yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani) au samaki jiwe wakati tunatembea mwambani?

Kwezi_Ndogo aliandika:
Kwanza buruteni miguu mchangani msiinyanyue, taa atahisi na kuondoka. Mwambani vaeni viatu, na mkono usiingizwe kwenye tundu.

Akichomwa: mtoeni majini, kama damu inatoka bonyezeni. Kisha maji ya moto, kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, karibu nyuzi 45. Mwingine ayajaribu kwanza kwa mkono wake mzima, maana aliyechomwa hahisi vizuri. Mguu ukae humo dakika 30 hadi 90, mkiongeza maji yakipoa. Joto linapunguza maumivu ya sumu hizo kuliko kitu kingine chochote mtakachokuwa nacho botini. Kwa hiyo chupa mbili kubwa za chai zisizopoza zijazwe maji ya moto kila asubuhi, pamoja na beseni. Kipande cha mwiba kilichozama sana, au kilichoingia kifuani, tumboni au shingoni, msikichomoe, nendeni hospitali ya Kilindoni moja kwa moja. Kutoka Utende kuna barabara ya lami ya kilomita kama 15, kwa hiyo wekeni namba ya dereva wa bajaji kwenye simu kabla hamjaondoka.